Punda Asife, na Mzigo Ufike

Maneno haya nayaelekeza kwa kijana aliyewahi kupishana na mkokoteni uliolemewa, akamwona punda au farasi mwenye kidonda kibichi mgongoni, roho ikamuuma, kisha akashika njia yake kwa sababu hakujua afanye nini. Kijana huyo hana haja ya kuona haya kwa ule uchungu, wala asijilazimishe kuusahau. Wako watu duniani waliopatwa na uchungu huohuo, wakakataa kupita, wakaufanya kuwa kazi yao ya kila siku mpaka uzeeni. Nataka uwafahamu, halafu nikuombe uingie katika safu yao.

Twende Cairo, mwaka 1930. Mwanamke Mwingereza aitwaye Dorothy Brooke alifika huko pamoja na mumewe, afisa mkubwa wa kikosi cha wapanda farasi. Alikuwa na jambo moja lililomkera. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, jeshi la Uingereza halikuwarudisha nyumbani farasi waliopigana Sinai na Palestina. Liliwauza kwa maelfu hukohuko Misri. Dorothy alitaka kujua waliishia wapi. Alianza kuwatafuta mitaani, na akawapata. Walikuwa wakivuta mikokoteni ya mawe na mizigo kwenye jua kali, wengine wakiwa na zaidi ya miaka ishirini, mbavu nje, magoti yamevimba, macho yamefifia. Alama ya mshale iliyochomwa na jeshi kwenye ngozi zao ilikuwa bado inasomeka. Wanyama waliobeba askari vitani walikuwa wameachwa wafe kwa kazi, taratibu, mbele ya macho ya kila mtu.

Mke wa afisa angeweza kusikitika, akasimulia habari hiyo kwenye chai ya jioni, na maisha yakaendelea. Dorothy aliandika barua kwa gazeti la Morning Post la London, ikachapishwa Aprili 1931. Aliwaeleza Waingereza waziwazi kilichowapata farasi wao na akaomba fedha za kuwanunua. Watu walichanga. Akaunda kamati, akaingia mitaani na zizini, akakagua, akapatana bei, akanunua. Ndani ya miaka mitatu alikuwa amewanunua farasi 5,000.

Hapa nataka usimame kidogo, maana hapa ndipo kazi hii inapompima mtu. Wengi wa farasi hao 5,000 hawakupelekwa malishoni kuishi miaka mingine kumi. Walikuwa wamekwisha. Mifupa ilikuwa imelika na mapafu yamechoka, na hakukuwa na dawa ya kuwarudishia nguvu. Dorothy aliwapa kivuli, maji safi, chakula cha kushiba na siku chache za kulala bila hatamu, kisha akaamuru wamalizwe bila maumivu. Alifanya hivyo kwa mnyama mmoja baada ya mwingine, akijua kila anayeingia kwa mlango huu huenda akatoka kwa ule. Anayefikiri uokoaji ni kupiga picha na mnyama aliyenenepa ajue kwamba mwasisi mkubwa wa kazi hii alitumia siku zake nyingi kuwapa wanyama mwisho mwema. Ni moyo wa namna gani unaoweza hilo kisha kesho yake ukarudi zizini? Ni moyo wa mtu wa kawaida aliyeamua. Hakuzaliwa na ujasiri ambao wewe umenyimwa.

Na aliona jambo la pili, ambalo kwangu ndilo linalomfanya astahili kusomwa na kila kijana wa Afrika Mashariki. Aliwatazama wenye mikokoteni. Walikuwa maskini. Yule farasi mkongwe ndiye aliyekuwa akileta mkate nyumbani, na mwenyewe hakuwa na fedha ya mwingine wala ya daktari. Kumtukana mtu yule kungekuwa rahisi na kusingemponya farasi hata mmoja. Kwa hiyo mwaka 1934 alifungua hospitali mjini Cairo, ikaitwa hospitali ya kumbukumbu ya farasi wa vita, ambamo wanyama wa kazi wa maskini walitibiwa bure. Dorothy alifia Cairo mwaka 1955. Hospitali ile bado iko, na shirika lililobeba jina lake leo linafanya kazi katika nchi nyingi za Asia na Afrika, likiwa na ofisi Nairobi.

Ona njia aliyoipita: alianza kwa kumtoa mnyama mikononi mwa mwenyewe, akaishia kumsaidia mwenyewe amtunze mnyama wake. Huo ndio ukomavu wa kazi hii. Kununua wanyama wote walioumia duniani hakuna atakayeweza. Ila kidonda kinaweza kuzuiwa kabla hakijatokea, na anayekizuia ni mtu mwenye ujuzi anayefika kijijini mara kwa mara mpaka akajulikana kwa jina.

Ujuzi, nasema. Huruma peke yake huua. Chukua farasi aliyekaa na njaa wiki nyingi mpaka mifupa ya nyonga inahesabika. Mtu mwema atamjazia ndoo ya mahindi. Kesho yake au keshokutwa farasi amelala chini, na siku chache baadaye amekufa, huku mtu mwema akilia asielewe kosa. Mwili ulioishi kwa njaa ni kama jiko lililokaribia kuzimika: ukilitupia magogo kwa pupa unalizima kabisa. Wanga mwingi ukiingia ghafla, madini ya damu huvurugika, na moyo na mapafu hushindwa. Mwokoaji aliyefunzwa humpa nyasi kavu nzuri, kidogokidogo, mara nyingi kwa siku, usiku na mchana, akiongeza kwa kipimo kwa siku kumi au zaidi. Anaamka saa nane za usiku kwenda kuweka konzi chache za majani mbele ya mnyama. Hakuna anayempigia makofi saa hiyo. Lakini farasi anayesimama kwa miguu yake mwezi mmoja baadaye amesimama kwa sababu ya saa nane zile.

Punda naye ana siri zake. Huficha maumivu. Atasimama kimya, masikio yamelala kidogo, na mwenyewe atasema amechoka tu. Punda aliyeacha kula ni dharura, kwa sababu mafuta ya mwili wake humiminika kwenye damu na kulielemea ini, na ndani ya siku chache anaweza kufa hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Pengine ni jino tu lililochongoka likimkata shavu kila anapotafuna. Aliyefunzwa hufungua mdomo, akapapasa, akalisawazisha jino, na mnyama akala. Nusu saa ya kazi ikaokoa maisha yake na riziki ya nyumba nzima.

Kwato hukua kama kucha zetu, na kila baada ya wiki sita hadi nane zahitaji kuangaliwa na kupunguzwa na anayejua pembe ya mguu ule. Zikiachwa hujipinda, kano zinavutika, na kila hatua ni maumivu. Kisha kuna matandiko. Vidonda vingi nilivyoviona kwenye mabega na migongo ya punda chanzo chake ni kamba ya plastiki, shogi lisilo na mto, au mkokoteni uliosawazishwa vibaya ukakandamiza shingo. Unaweza kukisafisha kidonda leo na kukipaka dawa bora kuliko zote, na kesho kamba ileile ikakifungua upya. Hapo daktari peke yake hatoshi. Anahitajika fundi wa ngozi na nguo atakayeshona mkanda mpana, na seremala wa mkokoteni atakayeiweka ekseli mahali pake. Wewe unayejua kushona, unayejua kuchomea vyuma, kumbe una nafasi katika jeshi hili na ulikuwa hujui.

Kwetu pwani kazi hii si ngeni. Elisabeth Svendsen alikuwa mwenye hoteli huko Devon, Uingereza, alipoanzisha mwaka 1969 makazi ya punda waliotelekezwa. Alianza kwa kumpenda punda mmoja. Mwaka 1974 mwanamke mwingine aliyekuwa akitunza punda alifariki na kumwachia kwa wasia punda 204 kwa mpigo. Hebu fikiri: asubuhi una punda uwezao kuwaita kwa majina, jioni una mia mbili zaidi wanaosubiri kula. Wengi wangetafuta wakili wa kuwatoa kwenye wasia. Yeye aliwapokea, na uamuzi huo ukayageuza maisha yake yaliyosalia kuwa ya punda. Mwaka 1987 kazi yake ilifika Lamu, ikafunguliwa zahanati ya punda katika mji ule ambao vichochoro vyake havipitishi gari, ambako mchanga, mawe ya matumbawe, saruji na magunia hupanda kutoka gatini kwa migongo ya punda. Matibabu yalikuwa bure, dawa za minyoo zikatolewa, na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri yakawapa wenye punda fahari ya kushindania. Waliozishika kazi za kila siku, wakaosha vidonda na kuzunguka visiwani, ni watu wa Kenya. Hilo nalisema kwa sauti kubwa, kwa sababu kuna wanaodhani kumhurumia punda ni jambo la wageni.

Na wenye dhana hiyo huwa na methali mdomoni: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Tumeirithi, tunaitamka bila kuifikiri. Nawaheshimu wazee, lakini hii naikataa hadharani, na ninaikataa kwa hesabu zao wenyewe. Punda akifa leo, mzigo wa leo utafika. Wa kesho utabebwa na nani?

Jibu tulilipata. Huko China kuna dawa ya jadi iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi za punda mpaka zitoe gundi. Mahitaji yalipanda, punda wa China wakapungua kutoka milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3, na wanunuzi wakageukia Afrika. Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilifungua machinjio ya punda: Mogotio, Naivasha, Turkana, Machakos. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya nchi hiyo, KALRO, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, yaani zaidi ya asilimia 15 ya punda wote wa nchi, na ikaonya kwamba kwa mwendo ule wangekwisha ifikapo 2023. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hakuna zizi linaloweza kushindana na kisu cha namna hiyo.

Soko la halali likazaa wizi. Watu waliamka wakakuta zizi tupu, na vichakani mizoga iliyochunwa ngozi, nyama imeachwa ioze. Na mzigo? Mzigo ulihamia mgongoni mwa mama. Maji yaliyobebwa na punda kwa madumu manne yakabebwa na mwanamke kwa dumu moja, mara nne. Kuni vivyo hivyo. Binti aliyekuwa akienda shule akabakizwa nyumbani kusaidia. Kijana aliyekuwa akilipa karo ya nduguye kwa mkokoteni wa maji akaingia mjini kutafuta kibarua. Anayesema kumtetea punda ni kumsahau binadamu hajawahi kukaa katika nyumba iliyoibiwa punda wake.

Sasa sikia jinsi watu walivyopambana. Wenye punda waliandamana. Madaktari wa mifugo na maofisa wa mashirika ya punda walizunguka sokoni na vijijini wakikusanya takwimu, maana bila takwimu waziri hana cha kusimamia. Februari 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata, Mei 2021, Mahakama Kuu iliitengua marufuku hiyo baada ya mmoja wa wenye machinjio kufungua kesi. Wangeweza kukunja majamvi. Hawakuyakunja. Mwaka 2022 Tanzania nayo ilipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, na Desemba mwaka huo wajumbe kutoka nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam katika mkutano wa kwanza wa bara zima kuhusu punda. Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliridhia kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Umoja mzima wa Afrika ulimkalia kikao punda! Kikao hicho kilianza kwenye daftari la mtu mmoja aliyesimama kwenye tope la soko la mifugo akihesabu.

Iwapo unajiona huna elimu ya udaktari na kwa hiyo haya hayakuhusu, mfikirie Velma Johnston wa Nevada, Marekani. Alikuwa karani wa ofisi, mwili wake umeachwa na alama za ugonjwa wa polio wa utotoni. Asubuhi moja mwaka 1950, akielekea kazini, aliona damu ikichuruzika kutoka kwenye lori mbele yake. Alilifuata. Ndani walikuwamo farasi wa mwituni waliokamatwa kwenda kuwa chakula cha mbwa na paka. Kuanzia siku ile, mapumziko na jioni zake zilikuwa za barua, mikutano na ushahidi mbele ya wabunge. Wenye masilahi walimpachika jina la kumkejeli, Annie wa farasi-mwitu, naye akalivaa kama nishani. Mwaka 1959 sheria ilikataza kuwawinda farasi hao kwa ndege na magari. Mwaka 1971, baada ya watoto wa shule nchi nzima kuandika barua zao wenyewe, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda farasi na punda wanaozurura huru katika ardhi ya umma, bila kura hata moja ya kupinga. Alichokuwa nacho ni taipureta na ukaidi.

Sitakuficha ugumu wake. Mshahara wa kazi hii si wa kujengea ghorofa. Shangazi atakuuliza kwenye harusi kama kweli ulisoma miaka yote ile ili ukakate kwato. Utampoteza mnyama uliyemlinda usiku mzima, na saa mbili baadaye mwingine atakuwa mlangoni akihitaji mikono isiyotetemeka. Wapo waliochoka wakaacha, na siwalaumu. Ndiyo maana nasema jifunze kutofanya peke yako: uwe na mwenzako wa zamu, uwe na siku ya kupumzika, mwambie mtu unapolemewa. Mwokoaji aliyeanguka hamwinui mtu.

Lakini pima na upande wa pili. Ng'ombe ana soko la maziwa, kuku ana soko la mayai, na wataalamu wanawakimbilia. Punda na farasi wa kazi hawana maziwa ya kuuza, hivyo wenye kuwajua kwa undani ni wachache, na kila anayeongezeka anaonekana. Fundi mmoja wa kwato akiingia katika mji wenye mikokoteni, mwaka haupiti kabla mwendo wa wanyama haujabadilika barabarani. Ni kazi chache ambazo mtu mmoja anaweza kuyaona matokeo ya mikono yake akiwa amesimama kando ya barabara.

Milango iko wazi. Tanzania kuna vyuo vya LITA vya stashahada na astashahada ya afya ya mifugo. Kenya kuna chuo cha afya ya mifugo cha AHITI pale Kabete. Shahada ya udaktari wa mifugo iko Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere. Ukiwa tayari uko chuoni, mwombe mwalimu wako nafasi ya mafunzo kwa vitendo mahali penye punda, usingoje upangiwe kwenye ng'ombe. Ukiwa mwanasheria, soma sheria ya ustawi wa wanyama ya nchi yako na uwatafute wenye punda walioibiwa, wanahitaji mtu wa kusimama nao. Ukiwa mwalimu, una darasa lenye watoto wanaoshika fimbo ya punda kila jioni. Na ukiwa mwendesha mkokoteni, wewe ndiye unayemjua mnyama wako kuliko daktari yeyote: toa lijamu la waya leo, weka mto chini ya mkanda, mpe maji kabla hujampakia.

Makubaliano ya Addis Ababa yatafika ukingoni mwaka 2039. Siku hiyo wanunuzi wa ngozi watakuwa mlangoni na mawakili na hesabu zao. Tutahitaji watu wazima kazini, wanaojua wilaya zao zina punda wangapi, wamezaliwa wangapi, wametibiwa wangapi, na kila mmoja analisha watu wangapi. Watu hao leo wana miaka kumi na minane, ishirini, ishirini na miwili, na wengine bado hawajaamua wasome nini. Dirisha la maombi likifunguliwa, jaza fomu.